Kipimo cha Kambare

Siku mabwana afya walipobandika tangazo kwenye lango la soko la samaki, watu wote walisoma balaa. Asali alisoma mtaji.

Tangazo lilisema karakana ya betri kuukuu imekuwa ikimwaga uchafu mtoni, na kwamba samaki wanaovuliwa upande wa chini wa mto, kuanzia kwenye karakana, wana madini ya risasi na zebaki. Hayaonekani, hayanuki, hayatoki hata ukipika siku nzima. Yanakaa mwilini, yanaharibu ubongo na figo, na watoto na wajawazito ndio wanaoumia zaidi. Kufika adhuhuri soko lilikuwa limebaki na inzi. Hata samaki wa upande wa juu wa mto, ambao hawakuwa na kosa lolote, walikosa wa kuwatazama.

Asali aliitwa hivyo kwa utamu wa ulimi. Jina lake halisi walilijua mama yake na polisi tu. Aliwahi kuwa mlinzi wa jengo kwa muda mfupi sana, na alipofukuzwa aliondoka na kile kidude ambacho walinzi huwapitishia watu mwilini kutafuta chuma. Kukiwasha hakujua. Alichojua ni kitufe kimoja kwenye mpini: ukibonyeza, kinalia piii. Kwa mwenye ulimi ule, kitufe kimoja kinatosha.

Kesho yake akatokea sokoni na koti jeupe.

"Hiki kinaona sumu ndani ya mnofu," aliwatangazia. "Kikinyamaza, peleka nyumbani ule na wanao. Kikilia, samaki huyo anakwenda maabara."

"Maabara gani?" aliuliza Mama Magamba, mwenyekiti wa wauzaji.

"Ya siri, mama. Ukiniuliza zaidi utaniponza."

Mama Magamba alikitazama kile kidude, akalitazama soko tupu, akashusha pumzi. "Haya, mwanangu. Pima."

Akapima. Na jamani, kidude kile kilikuwa na chuki binafsi na wanene. Vidagaa kilivipita kimya. Akiletwa kambare mwenye tumbo la kuridhisha, piii. Wateja wakarudi, kila mmoja akitaka kushuhudia kwa macho yake. Wauzaji wakamlipa ada kwa kila beseni, na makambare wakaenda maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba chake cha kupanga, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, na vifaa vyake vilikuwa kikaango, mafuta na limau. Utafiti ulifanyika kila jioni, na haukuacha kitu ila mifupa.

Wiki zikapita, mashavu yakamnawiri. Kichwa kilianza kumuumauma, lakini akakilaumu kikaango kwa moshi wake.

Alasiri moja Mama Magamba akabisha hodi, akaingia, akaona rundo la mifupa pembeni.

"Kumbe maabara ndiyo hii," alisema, akijikalisha kitandani. "Mabwana afya wamekuja leo na mashine zao. Wamesema makambare wakubwa wa kule chini ndio wenye sumu nyingi kuliko wote. Mkubwa anakula wadogo miaka yote, na sumu yao yote inahamia kwake. Wametusifu sana kwa kuwatenga."

Asali alicheka, kisha akaitazama ile mifupa. Alikuwa amewaibia watu sumu, akawaokoa bila kukusudia, kisha akaila yote peke yake.

"Mama, wananitisha tu hao."

"Basi lete kidude tukuone."

Alikipokea, akasukuma kitu ubavuni mwa kidude, akampitishia kifuani. Kimya. Akashuka tumboni. Piiiii. Asali alikitazama kidole gumba cha yule mama. Kilikuwa mbali kabisa na kitufe. Jasho likamtoka.

"Nakufa," alisema.

"Shemeji yangu anasafisha damu. Ila anataka malipo mbele, na hiki kidude atakihitaji."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza swali moja. Asali alipiga magoti, akavuta kopo la fedha zake kutoka mvunguni na kumkabidhi zima zima pamoja na kidude, akimshukuru na kumwombea maisha marefu.

Alipofungua mkanda ili ajilaze ndipo alipokiona kile chuma chake cha kufungia, kipana kama kisosi, kikining'inia palepale tumboni. Alitukana mpaka fundi viatu akagonga ukuta.

Asubuhi akaenda sokoni mbio. Mezani walikuwapo samaki wa juu ya mto tu, na wateja walikuwa foleni. Mbele yao alisimama Mama Magamba, akipitisha kidude kwa heshima zote. Asali alifungua kinywa apige kelele za mwizi. Akawaza atasema ameibiwa nini. Akakifumba.

"Ulijuaje?" alinong'ona.

"Jiko la benki ni mteja wangu. Kila siku nafika langoni na kisu kiunoni. Kidude kama hiki kimenipitia mara nyingi kuliko ulivyokishika wewe."

"Kwa hiyo mimi mzima?"

Mama Magamba aliacha kutabasamu. "Hilo sijui, mwanangu. Kuhusu samaki sikukudanganya." Akachomoa noti chache, akamkunjia kiganjani. "Za wenzangu nimewarudishia. Hizi nenda nazo hospitali, leo hii, ukapime damu."

Asali alizitazama noti, kisha kidude. "Mama, nipime tena na hicho kwanza. Mkanda nimeuacha nyumbani."

"Hiki hakipimi samaki wala mtu," alinong'ona Mama Magamba, akimgeukia mteja anayefuata. "Si wewe uliyekileta?"