Nyumba Niliyoikagua kwa Macho Tu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kakubaliwa kufanya mtihani wa unesi ugenini. Mwezi mzima wa kujisomea hukohuko, kisha mtihani. Miaka mitatu kausubiri! Akifeli, hakuna mara ya pili. Kazi yangu ni kutafuta fleti yenye samani, tena tulivu. Nimemwahidi mbele ya kaka yake. Huyu shemeji yangu, fundi umeme, aliwahi kukaa nje miezi saba na tangu arudi hatupumui. Kaniandikia orodha ya mambo ya kuuliza: maji ya moto, intaneti, ufunguo uko kwa nani, kelele, majirani. Kwani mimi mtoto? Orodha nimeikunja, nikaisukumia chini ya mguu wa kabati linaloyumba. Imefaa sana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Sebule, jiko, vitanda viwili, mapazia ya kijani. Lakini mimi si wa kudanganywa na picha. Nimemwambia mwenye nyumba nataka video. Katuma, dakika tisa! Nimeitazama kazini masjala, simu ndani ya droo, sauti nimezima, maana bosi anasikia hata karatasi ikikunjwa. Mwenye nyumba anaongea sana. Anaonyesha dirisha, anaziba masikio, anacheka. Mtu mchangamfu. Nimethibitisha papo hapo.

Jumapili, 30 Machi
Tumefika. Kimya kabisa! Mke wangu kapanga vitabu mezani, akaniambia safari hii nimemheshimisha. Nikampigia shemeji makusudi, nimkate maini. Akauliza chini yetu kuna nini. Nikasema kuna mlango umefungwa, basi. Akaguna. Wivu tu.

Jumatatu, 31 Machi
Saa moja asubuhi mlango umefunguliwa. Lo! Karakana ya seremala! Msumeno wa umeme, mpaka vijiko vinacheza ndani ya droo. Mke wangu akaziba masikio kwa pamba, akasoma ukurasa mmoja saa nzima, kisha akalia. Nimeona aibu. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumatano, 2 Aprili
Mpango kabambe! Nimemwagiza seremala kigoda cha kuchonga kwa mkono, maua pande zote, mashine isikiguse. Nilivyopiga hesabu, akikaa kuchonga, msumeno utapumzika. Kafurahi mno. Kasema kazi ya mkono ndiyo anayoipenda, kwa hiyo msumeno atamwachia mdogo wake. Sasa tuna msumeno na nyundo.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimemwandikia mwenye nyumba kwa ukali: mbona alinificha? Kajibu kwa upole tu, nisikilize video, dakika ya tatu. Nikaifungua bila kufikiri, mke wangu kasimama nyuma yangu. Sauti ikajaa chumba: jamani, chini kuna seremala, Jumatatu hadi Jumamosi, asiyeweza kelele asije, nisije nikalaumiwa!

Mke wangu hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kavaa viatu, kashuka.

Nusu saa baadaye karudi. Kamweleza seremala ukweli, kwamba ana mtihani tarehe 28 na maisha yake yote yako hapo. Basi! Seremala kasema asubuhi watapaka rangi na kupiga msasa kwa mkono, msumeno utawashwa mchana, mke wangu akiwa amekwenda kutembea. Tena kashangaa kwa nini mimi sikusema mapema. Lakini tuseme kweli, ni kigoda changu kilichomlainisha yule bwana.

Jumamosi, 17 Mei
Kafaulu! Tulikuwa nyumbani barua ilipofika Jumanne. Nimelia waziwazi, tena begani kwa shemeji, Mungu anisamehe. Kazi yake ugenini inaanza Julai, mimi nitamfuata baadaye, na mama mkwe atakwenda naye mwezi wa kwanza. Nyumba kapewa shemeji aitafute. Shemeji! Siku ya nne hii bado anauliza maswali. Nimemtangulia. Nimeshathibitisha fleti bila kumwambia mtu: ghorofa ya saba, hewa safi, mwenye nyumba muungwana. Habari ya lifti sikutaka kumsumbua kwa kumuuliza. Najua, mama mkwe ana magoti mabovu. Lakini akishapanda mara moja, mwezi mzima atateremka kufanya nini?