Mtaalamu wa Urukususu

Kikohozi ndicho kilichomwonyesha njia ya utajiri, au ndivyo alivyodhani. Aliingia duka la viungo akikohoa mpaka miwani inamteleza, na muuzaji akamkatia kipande cha mzizi mkavu, cha kahawia, ungedhani kijiti cha kuni.

"Tafuna. Huo ni urukususu."

Akatafuna. Utamu ukamjaa kinywani. "Unaota wapi huu?"

"Popote penye jua na udongo wa kichanga. Ila uwe na subira. Mizizi huchimbwa baada ya miaka mitatu hivi."

Kikohozi kikakatika hapo hapo. Miaka mitatu! Jamani, katika maisha yake yote ya kuuza hewa hakuwahi kukutana na bidhaa ambayo mteja haruhusiwi kuikagua mpaka muuzaji awe ameshasahaulika. Vitunguu humuumbua mtu kwa miezi michache. Kuku hufa mbele ya mnunuzi. Hii ilikuwa neema.

Basi akajipa cheo cha Mtaalamu, akatafuta koti jeupe la mtumba, akaenda kukata vijiti kwenye kichaka nyuma ya karakana. Akavichovya kwenye tope, akavifunga mafungu kwa gunia lililoloweshwa, akavipakia kwenye pikipiki yake nyekundu. Pikipiki hiyo, msomaji, iheshimu. Mke hana, nyumba hana. Mali yake pekee duniani ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyomtoa salama katika kila mji uliomchoka.

Mtaa wa watu wenye bustani ukampokea kwa mikono miwili. Aliwaonjesha kipande halisi cha dukani, akawauzia vijiti vya karakana, kisha akainua kidole. "Msichimbe. Ukifukua kuchungulia tu, utamu wote unakimbia."

"Hata kidogo?" aliuliza mshonaji wa nyumba ya kona, mjane wa sauti ya upole ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi.

"Hata kwa kijiko, Shangazi."

"Haya, mwanangu. Nipe fungu zima."

Wiki kadhaa zikapita. Wateja wapya wakamwishia, na alikuwa anafunga virago Shangazi alipompigia simu: njoo uone maajabu. Alikwenda shingo upande, visingizio tayari mdomoni. Uani akakuta kitalu kizima kimejaa majani mabichi, yamefika magotini.

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Majani yalikuwa pale pale. Yaani miaka yote hii ya utapeli, halafu leo agundue kwamba alikuwa mfanyabiashara halali na hakuna aliyemwambia? Aliona haya kidogo.

Kando ya kitalu alisimama bwana mmoja mwenye tai, akitafuna mzizi taratibu. "Natoka kiwanda cha peremende," alisema. "Nanunua kitalu chote hivi kilivyo, kukitunza tutakitunza wenyewe." Akataja bei. Ilikuwa bei ya gari la mizigo, na Mtaalamu nusura ameze ulimi. "Kesho asubuhi nakuja na fedha. Nimkute mwenye kitalu."

Yule bwana alipoondoka, Shangazi akashusha pumzi. "Mambo ya viwanda mimi siyawezi, mwanangu. Halafu mdogo wangu kajifungua, anaishi mbali, leo hii nataka kwenda kumsaidia kulea. Shida yangu ni usafiri tu; ningeupata, kitalu ningekuachia wewe." Akaitazama pikipiki kwa huruma. "Kuendesha najua. Marehemu alinifundisha."

Mtaalamu akapiga hesabu. Upande mmoja aliiona pikipiki ikiondoka, na kweli ilimuuma. Upande mwingine aliliona gari. Akashika jembe. "Ngoja kwanza niangalie mizizi."

Vichwa vya majirani vilikuwa vimeshajipanga juu ya ukuta. "Mtaalamu," fundi viatu akaita, "si ulisema ukifukua utamu unakimbia?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Akalirudisha jembe chini. Angefanyaje? Wateja wake wote walikuwa pale wanamtolea macho. Akatoa ufunguo, akatoa kadi ya pikipiki, akatia saini. Shangazi akakunja gauni, akawasha, akapiga honi ya kuaga, akatokomea.

Asubuhi gari la kiwanda halikuja. Jua lilipopanda, majani yakaanza kulala. Adhuhuri kitalu kilikuwa kimenyauka kama mchicha uliosahaulika sokoni. Mtaalamu akavuta tawi moja; likatoka bila ubishi, halina mzizi hata wa dawa. La pili hivyo hivyo. Yalikuwa matawi ya mti wa jirani, yamechomekwa tu jana yake. Akachimba kwa hasira mpaka jembe likagonga kitu laini: fungu la vijiti vyake, gunia lile lile, fundo lile lile alilofunga kwa mkono wake. Shangazi hakuwahi hata kulifungua.

"Yule bwana wa kiwanda," aliwauliza majirani ukutani, "mnamfahamu?"

"Si ni kaka yake Shangazi, yule fundi rangi," alijibu fundi viatu. "Hata sisi tulishangaa kumwona na tai." Lakini macho yake yalikuwa kwenye jembe. "Mtaalamu, kumbe kuchimba kunaruhusiwa?"

Kichwa kimoja kikashuka ukutani, kikafuata kingine, na muda si muda katika kila ua ukasikika mlio wa jembe.

Mtaalamu akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ukuta. Akaanza kuondoka kwa mwendo wa heshima. Kwenye kona akaongeza hatua kidogo. Jembe la kwanza liliponyamaza, heshima akaiacha hapo hapo barabarani, akatimua mbio.