Ngozi ya Kifaru

Mwangangi hakuwahi kuona kidonda cha mtu akakosa dawa ya kumuuzia. Asubuhi hiyo, kwenye steji ya boda karibu na stesheni ya treni pale Voi, aliona vidonda kumi na vinne: injini za pikipiki zilizodonolewa na kokoto za barabara ya kupanda Wusi mlimani, rangi ikabaki madoa madoa kama mtu aliyepona tetekuwanga.

Akaegesha yake, injini nyeusi ti, inameta. Kwamba haijawahi kutoka kwenye lami, hilo hakulitaja. Akatoa chupa, akawaeleza wenye boda kwa sauti ya mhubiri kwamba dawa hii inaitwa Ngozi ya Kifaru. Ukiipaka, jiwe likija linateleza na kuomba radhi.

Wakesho, aliyekuwa akikaanga kaimati kando ya steji, alisema kipande cha tairi kuukuu kikining'inizwa chini ya matgadi ya mbele kinazuia mawe yote, na angewakatia bure. Wakamcheka. Sylus ndiye aliyecheka zaidi. Jumamosi alikuwa anapanda Wusi kujitambulisha kwa wakwe, na hangefika ukweni na injini yenye ndui. Pesa ya sukari na majani ya chai ya wakwe ikaingia kwenye mkoba wa Mwangangi. Wenzake wa steji wakafuata.

Injini ya Sylus ikapakwa dawa, akawasha, ikapata moto. Wakesho akanusa. Miaka sita anachemsha shira ya sukari ya kaimati. Harufu yake anaijua hata akiwa na mafua. Akafunika karai, akamwendea Mwangangi.

"Kaka, Wusi kwetu pikipiki ni kama siafu. Nipeleke nikuitie watu."

"Wewe dada si ndio ulikuwa unanipinga na tairi zako?"

"Nilikuwa sijaona inavyometa. Lakini watu wa mlimani hawanunui mdomo. Paka na yako. Paka nzito."

Tamaa haina masikio. Akapaka mara tatu. Na kwa kuwa pasenja ndiye hubeba mzigo, mkoba akapakata Wakesho.

Mlima ni gia ya kwanza, kona juu ya kona. Injini ikachemka, shira ikanukia. Karibu na kona ya mwisho Wakesho akashuka, mkoba bado kwapani, eti akatize shambani kuita watu.

"Wewe ningoje pale kwenye kivuli," akamwonyesha.

Miti ile ilikuwa ya mjomba wa Wakesho. Mwangangi hakuinua macho kuona kilichoning'inia matawini: mizinga tisa ya nyuki.

Mara ya mwisho alionekana akipasua mahindi ya watu, koti kichwani, kwa kasi ambayo pikipiki yake haijawahi kuifikia. Yenyewe aliwaachia nyuki.

Wakesho akateremka na boda nyingine, akarudishia kila mtu chake, akamwambia Sylus aoshe injini kwa maji moto kabla ya kwenda ukweni. Sylus akauliza, kwa upole sasa, kama kile kipande cha tairi bado kipo.

"Kipo. Mia moja."

"Asubuhi si ulisema ni bure?"

"Nilisema. Nani alichukua?"

Wakapanga foleni, hata wale ambao hawakuwa wamenunua dawa.