Kipimamvua Kinachopendelea Watani

Tangzugu, 24 Julai

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Mkoa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutuhangaikia. Mimi ni Rasmane Sawadogo, katibu wa kikundi cha wakulima wa Tangzugu, kijiji cha Wamosi. Wenzangu wameniagiza niandike kwa adabu, kwa hiyo hii ni rasimu ya tatu.

Mpango wenu wa kutusaidia kuhimili mabadiliko ya tabianchi tuliupokea kwa ngoma. Mlisema mvua isipofika milimita hamsini kufikia tarehe ishirini Julai, kila kaya italetewa mbegu za uwele unaoiva upesi, ipande tena. Uwele wetu umekauka ukiwa na urefu wa kidole, na akiba ya mbegu imekwisha. Tukikosa mbegu mwezi huu, mwaka huu hatuvuni kitu. Ofisi yako imetujibu kwamba mvua imetosha. Tunalalamika kama ifuatavyo.

1. Kipimamvua cha vijiji viwili hamkukiweka kwetu. Mlikiweka Tonsoro, kilomita nne kutoka hapa, kwa Wasamo, eti shule yao ina uzio. Mheshimiwa, Wasamo ni watani wetu tangu enzi za mababu. Hao ni walaji wa mbwa, huwezi kuwaachia kichwa chake jikoni ukarudi ukakikuta. Leo mmewaachia mvua.

2. Msoma kipimo ni Donasiani Zerbo, mwalimu mstaafu, ambaye siku ya maziko ya baba yangu alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Sikuchukia, ndiyo haki ya mtani. Lakini ndiye wa kuaminiwa na milimita? Nilipomuuliza kapata ngapi, alinijibu kama tunavyoitana siku zote: "Sitini na mbili, mtumwa wangu. Mvua inamjua bwana wako."

3. Wingu lenyewe lina upendeleo. Tarehe tisa lilisimama juu ya Tangzugu, wanawake wakatoa nje ndoo na masufuria yote, mama mkwe wangu akatoa hata kata ya kunywea pombe. Likatutazama. Kisha likaenda kunyesha Tonsoro, ndani ya uzio wa shule. Tunaomba lichunguzwe.

4. Kwa hiyo kipimamvua kihamishiwe kwetu, ambako tunaahidi hakitapata tone. Kama haiwezekani, kiezekwe bati kila mawingu yakionekana. Kanuni zikikataa hilo pia, basi kijiji chetu chenyewe kihamishiwe Tonsoro. Tuko kaya arobaini na moja, na tukibanana tutaenea ndani ya uzio.

5. Hilo likishindikana, tuandikisheni kuwa Wasamo, mpaka mavuno tu. Tumelipigia kura. Wazee waligoma saa nzima, ndipo Bibi Poko, mkubwa kuliko wote, akasema, "Mniandike mimi kwanza. Huyo mbwa wao nitamla, mradi apikwe na mlenda." Ukiona Mmosi wa miaka themanini amefika hapo, Mheshimiwa, ujue hali ni mbaya. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, nikasingizia moshi.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule dereva tuliyemkwamua mchangani, na watoto wako wakue kwa afya.

Ni mimi, ninayengoja mbegu kwa heshima zote,
Rasmane Sawadogo, Katibu

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijaondoka. Jumapili tulikwenda Tonsoro tukakibeba kipimamvua mchana kweupe, maana kitu ukichukua kwa mtani hakina kesi. Tulikisimika shambani kwangu kiwe ushahidi wa ukame. Jumatatu mvua ikanyesha Tangzugu mpaka kikafurika.

Ushahidi ukaishia hapo. Shamba limelowa vizuri, nami sina hata punje ya kupanda. Nilikaa mlangoni nikitazama maji yale yakizama ardhini bure, na sijawahi kuichukia mvua namna ile.

Jumanne asubuhi Zerbo akaja kudai mali ya serikali. Akasoma kipimo, akalitazama shamba tupu, akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Akaondoka bila kukigusa. Mchana alirudi na mikokoteni mitatu ya punda, imejaa mbegu kutoka maghala ya Tonsoro, debe kwa kila kaya. Akasema: "Pandeni, watumwa. Mkifa njaa nitamcheka nani?"

Kwa hiyo tunafuta malalamiko yote matano. Kipimamvua kitarudi Tonsoro kesho, na wingu msilisumbue. Sisi tunaendelea kupanda, na Zerbo amekaa kivulini anatuambia mistari yetu imepinda.