Sauti za Ng'ambo ya Bonde

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimepata ukalimani! Daktari Shueib, mtafiti kutoka Nairobi, anachunguza magonjwa ya akili hapa Manga, na Ekegusii, lugha yetu, hajui hata salamu. Bwana Makori, afisa wa afya pale Kisii, ameahidi: wakipatikana wagonjwa thelathini, zahanati yetu itapata kliniki ya akili kila mwezi. Kliniki itataka karani. Karani ni mimi, si Mogire, anayeitamani kazi hiyo pia, na baiskeli yake.

Tena kuna shemeji Nyanchera, mke wa kaka yangu. Tangu ajifungue Desemba hasemi na mtu, anatazama ukuta tu. Nairobi hatuwezi kumpeleka. Naumia nikimwona.

Jumatano, 6 Machi
Siku tatu, wagonjwa wanne. Swali la tisa la fomu ya Daktari nilikuwa naliruka kwa urefu wake. Leo nikaliuliza kwa kifupi: je, unasikia sauti za watu usiowaona? Mama Nyangate akajibu kwamba huzisikia kila asubuhi tangu aolewe. Daktari akaandika mbio.

Nilijua anamaanisha nini. Huku tunaitana kutoka mlima hadi mlima. Bathsheba wa ng'ambo ya bonde humwomba chumvi kabla ukungu haujaondoka. Nikaendelea na swali la kumi. Kazi yangu ni kutafsiri, si kueleza.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewarudia hata wale wa Jumatatu. Wagonjwa arobaini na mmoja kati ya watu arobaini na wawili. Mzima ni mzee Nyangau peke yake, ambaye ni kiziwi. Ripoti imekwenda Kisii. Nimepiga viatu rangi.

Jumatatu, 11 Machi
Aibu. Kumbe Bwana Makori ni mzaliwa wa Manga. Amekuja mwenyewe na ripoti mkononi. Kabla hajaketi, Bathsheba akaita kutoka kwenye ukungu kwamba ndizi za Daktari zimeiva. Daktari, kwa kusikia jina lake, akaitika. Bwana Makori akasema huyo ni mgonjwa wa arobaini na mbili.

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Hadi leo walikuwa wakiandikiana barua tu, tena kupitia kwangu. Sasa wameketi meza moja, wakaandika upya swali la tisa, wakaenda wenyewe nyumba kwa nyumba. Mimi nilibeba meza.

Alhamisi, 14 Machi
Wagonjwa ni saba. Nikadhani tumekwisha. Bwana Makori akasema saba wa kweli wanamfaa kuliko arobaini wa mkalimani, na ile thelathini aliikisia tu. Kliniki tumepata, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi.

Nyanchera ndiye wa kwanza kwenye orodha. Alipoulizwa taratibu, alisema amechoka na hajui kwa nini. Maneno ya kwanza tangu Desemba. Kaka alilia, nami nikalia.

Karani ni Mogire. Mimi nitapanda mlimani siku ya kliniki kuwaita wagonjwa kwa sauti. Nimeridhika, kusema kweli. Ila majina saba yataisha kabla ya chai. Kesho nitamshauri Daktari aongeze swali: je, unakosa usingizi? Mbwa wa Mama Nyangate hubweka hadi alfajiri. Nakadiria watu hamsini, bila kumhesabu Nyangau.