Daktari, Nirudishie Ugonjwa Wangu

Kwa Daktari wa Chumba Namba Saba,
Kliniki ya Afya ya Akili.

Daktari mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIDONGE VYA UMAKINI

Natumaini u mzima, na wauguzi wako pia. Mimi umeniponya, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Utanikumbuka. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemletea kitambaa cha kijivu akushonee suruali. Ulikuja mara tano. Mara ya kwanza nilikuambia imebaki pindo, ya pili imebaki zipu, ya tatu nikakufungia sketi ya mwalimu. Wateja wengine wakifika mara ya tano hunitukana. Wewe ulikaa kwenye benchi ukanitazama nikianza kukata kola, nikaiacha nikatafute chaki, nikarudi na kitunguu. Ukaniandikia tarehe ya kuja kliniki.

Nikaulizwa maswali mpaka ya utotoni, nikaambiwa nina upungufu wa umakini tangu nizaliwe. Nilifurahi sana. Miaka arobaini na mitatu nimeitwa mzembe, kumbe nina ugonjwa wenye jina! Ndipo ukaharibu kila kitu kwa kunipa dawa. Madhara yake ni haya:

1. Chakula. Ulinionya kwamba hamu ya kula itapungua. Hukunionya kwamba mama mkwe atatutembelea wiki hiyohiyo. Nilibakiza nusu sahani siku tatu mfululizo, na sasa ukoo mzima wa mke wangu unajua kwamba nadharau mapishi yake. Kilo tatu zimekwenda. Nimejipunguzia suruali zangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza fundi hakunizungusha.

2. Moyo. Uliagiza kidonge kimoja, asubuhi, baada ya kula. Daktari, unampa msahaulifu dawa, kisha unamtegemea akumbuke kuimeza? Siku moja nilikikumbuka jioni, nikakosa usingizi. Siku nyingine sikuwa na hakika kama nimemeza, nikameza tena, kwa tahadhari. Moyo ulikwenda mbio kama cherehani ya umeme iliyokwama kanyagio. Nilikaa sakafuni nikiogopa kufa, na nikawaza jinsi watakavyosema msibani kwamba hata matibabu nimeyaachia njiani. Muuguzi wako alinipima presha huku akinifokea. Tangu siku hiyo mke wangu amenishonea kitambaa chenye mifuko saba, kila siku na mfuko wake na kifungo chake, kikatundikwa juu ya cherehani. Mfuko ukiwa wazi, nimemeza. Wateja wawili wamekwisha kuagiza cha kwao.

3. Kumaliza kazi. Nilikuwa na nguo thelathini na moja zilizoishia njiani. Nimezimaliza zote, na ni janga. Sare ya darasa la kwanza niliipeleka mwenyewe kwa fahari; aliyenifungulia mlango ni mwanafunzi mwenyewe, ananizidi kimo. Gauni la harusi lilimfikia bibi harusi akiwa amekwisha kuachana na bwana harusi. Alilia, nikalia naye. Kabla ya vidonge vyako watu hawa wote walikuwa wananidai nguo tu, na walikuwa na matumaini.

4. Kusikia. Zamani mke wangu akianza kuzungumza nilimsikia mpaka sentensi ya pili, halafu akili ikaenda zake. Tuliishi kwa amani. Sasa namsikia mpaka mwisho, na kumbe mambo yote huyaweka mwishoni.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi moja nilimkuta mke wangu dirishani na koti la mteja mapajani, anapinda pindo. Nikamuuliza ameanza lini kazi hiyo. Akajibu, bila kuinua macho, kwamba ameanza wiki tuliyooana. Kila nguo iliyowahi kutoka dukani kwangu ikiwa kamili, vifungo ni vyake na mapindo ni yake. Miaka kumi na tisa nimejigamba kwamba nina kipaji! Niliona aibu, Daktari, nikakosa pa kuweka uso.

Halafu akafungua kopo lake la biskuti, akatoa barua niliyomwandikia wakati wa uchumba. Imeandikwa hivi: Mpenzi, nakupenda kwa sababu. Basi, imeishia hapo. Chini yake kuna mchoro wa kola, maana mteja aliingia. Akaniambia hakutaka kunisumbua miaka yote hiyo, aliona nina shughuli nyingi, lakini angependa kujua ni kwa sababu gani. Zamani swali hilo ningelisahau kabla chai haijapoa. Sasa ni siku ya tisa, limenikaa kichwani, jibu sina na kisingizio umeninyang'anya.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kwanza, unirudishie ugonjwa wangu kama ulivyoukuta. Pili, uniandikie cheti kwamba niliugua tangu shule ya msingi, nakala kwa mwalimu wangu wa hesabu na kwa baba mkwe. Tatu, hayo yakishindikana, umpe mke wangu kidonge cha kusahau, kimoja, asubuhi, baada ya kula.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule mkali, na dada wa kadi, na mlinzi wa getini anayenitunzia miavuli yangu miwili.

Mimi, mgonjwa wako mstaafu,
Fundi.

Tanbihi: Nilikwenda kutafuta bahasha, nikarudi na bahasha. Nikamkuta mke wangu amemaliza kuisoma barua hii. Aliiweka ile ya kwenye kopo mbele yangu, na kalamu juu yake. Chini ya kola nikaandika: ulimaliza kila nilichokiacha, na hukumwambia mtu. Akasoma mara mbili, akasema mwandiko wangu bado mbaya, akaenda jikoni kulia. Nilimsikia mpaka mwisho, kisha nikamfuata.

Imebaki mifuko miwili iliyofungwa. Nitafika Jumatatu, nikiwa nimekula. Unipime moyo, na tafadhali usinipunguzie hata kidonge kimoja. Suruali yako imo ndani ya kifurushi hiki. Mapindo nimepinda mwenyewe.