Mama Mpya Anashuka Bangboka

Hugues, ambaye nusu ya mtaa wa Makiso walimwita Ingénieur na nusu nyingine hawakutaka hata kumsikia, alisimama mlangoni kwa papa Idrissa akanusa faida. Juu ya meza ya secretariat, ofisi yake ya kuchapa, palikuwa na processeur mpya, ubongo wa kompyuta, bado imo ndani ya boksi lake. Chini ya meza, kompyuta yenyewe, ordinateri ya zamani. Katikati, papa Idrissa mwenyewe, mtu mwema, mwenye tamaa ya kutosha.

Yalikuwa majira ya mémoire. Wanafunzi walijaa uani wakingoja kuchapiwa kazi zao za kumaliza chuo, na mashine ilikuwa inajikokota tu. Ikifa sasa, nyumba nzima ya Idrissa italala njaa.

"Papa," Hugues akasema huku akikunja mikono ya shati, "hii processeur iko muzuri sana. Lakini haiwezi kuingia mule. Juu ya mama."

"Mama gani?"

"Carte mère. Sisi mafundi tunasema mama tu, juu yeye ndiye anabeba bote mu nyumba. Na mama wako, pardon, amezeeka. Hapatane na bintu bya sasa."

Uongo mtupu! Mama yule, ubao mkuu wa kompyuta, hakuwa na ubaya wowote. Alihitaji programu ndogo ya kumfundisha kumpokea mgeni, na programu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa Hugues, ndani ya clé USB. Ila huko Bengamisa kulikuwa na mteja anayemtafuta mama wa aina ileile, na chini ya kitanda cha Hugues kulikuwa na mwingine, maiti wa siku nyingi, aliyefutwa vumbi tayari kwa safari ya kuja kwa Idrissa.

"Hawezi kutengenezwa kidogo?" Idrissa akauliza. "Mutu hatupe mama hivi hivi."

"Kutengeneza mama muzee ni kupoteza wakati. Badilisha, papa! Iko mama mupya anatoka Dubai, anashuka na ndege Bangboka Ijumaa. Nipe huyu muzee na hii processeur, nitakuletea mupya, processeur yake ndani. Hautoe hata franc."

Kipya kwa kikuukuu, tena bure! Macho ya papa Idrissa yakang'aa.

"Bon. Muzee utamuchukua lini?"

"Sasa hivi."

Nyuma ya pazia, mchi uliokuwa ukitwanga lituma ya ndizi ukanyamaza. Akatokea mama Safiya, mke wa Idrissa, na mchi wake mkononi. Nyuma yake alikuja kaka yake Amuri, muuza nyama sokoni, aliyepita kula kabla hajarudi kazini. Kisu chake cha kazi alikuwa nacho.

"Mama muzee iko nani?" Safiya akauliza polepole.

"Shemeki," Amuri akamwambia Idrissa, "dada yangu alizeeka lini? Na huyu kijana ndiye mushenga?"

Idrissa akarudi nyuma hadi ukutani. Dini ilimruhusu wake wanne. Safiya hakuwahi kumruhusu wa pili.

"Hapana, hapana!" Hugues akaruka. "Iko carte mère! Kitu ya mu mashini!"

"Kitu ya mu mashini inashuka ku ndege?" Safiya akamsogelea. "Na mimi muzee, ulikuwa unanipeleka wapi?"

"Bon, hatugombane," Amuri akasema, akaketi mlangoni akiwa na kisu juu ya goti. "Kama mama iko mu mashini, weka ile kitu mupya ndani yake. Ikiwaka, nitaamini mulikuwa munasema mashini. Isipowaka, mulikuwa munasema dada yangu."

Hugues akatazama kisu, kisha mlango, ambao Amuri alikuwa ameujaza wote. Maskini, siku ya kufanya kazi halali ilikuwa imemfika! Akatoa clé USB, akampa mama somo lake, akachomoa processeur ya zamani, akapachika mpya. Kazi aliifanya vizuri. Mashine ikawaka Idrissa akiwa bado katikati ya bismillahi.

"Kumbe anakubali!" Idrissa akapiga kelele. "Weye si ulisema amezeeka?"

"Papa... amepata nguvu."

"Donc ulitukana mama," Amuri akasema. "Kwetu Maniema, mutu akiita mama wa nyumba muzee mbele ya bwana yake, analipa mbuzi."

"Mama gani sasa?" Hugues akauliza.

"Yeyote."

Hugues akaacha telefone na mfuko wa vifaa kama rehani, akatoka kutafuta mbuzi. Saa ya alasiri mbuzi alikuwa amefika, amefungwa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, analia kuliko yule aliyemnunua.

Walipokuwa wanakula, wazo likamjia Idrissa, akaweka kipande cha nyama chini.

"Lakini Safiya, si weye ndiye unaandika mémoire ku hii mashini kila siku? Carte mère hauijue?"

"Naijua."

"Na ile mila ya mbuzi?"

"Tuliitunga nyuma ya pazia," Amuri akasema, mdomo umejaa. "Mimi nilisema kuku. Dada yangu huyu akakataa."

Idrissa akacheka hadi machozi, kisha akanuna. "Sasa juu ya nini hamukuniambia mimi? Niliogopa kweli!"

"Nilitaka kuona kama utaogopa," Safiya akasema, akimwongezea mchuzi.

"Na kama singeogopa?"

"Tungekula mbuzi mbili, ya pili yako."